Zamu ya Mayai

Rhodalyn alikuwa binti wa muuza chaza wa Roxas, katika kisiwa cha Panay, Ufilipino, na tangu aanze kusomea kazi za hoteli alikuwa na hamu moja tu: kusimama jikoni Marekani. Siku alipopata viza ya mafunzo ya mwaka mmoja, mtaa mzima ulikuja kula tambi kwao. Akatua Colorado, kwenye hoteli ya milimani iliyojaa watu wa kuteleza kwenye theluji, akapewa kitambaa cha kufutia meza.

Hakununa. Kila asubuhi macho yake yalikuwa kwa Cherrie Fe, dada wa Kifilipino kutoka mji wa Bacolod aliyemtangulia hapo, ambaye alikaanga mayai mbele ya wageni waliopanga foleni. Cherrie Fe alirusha yai kwa kikaango, bila mwiko, likajigeuza hewani na kurudi mahali pake, naye hata hakukatisha maongezi. Rhodalyn alisahau sahani mikononi.

"Dada, nifundishe," akamwambia walipotoka zamu.

"Anza na mkate. Mkono ukikutii, ndipo uje kwenye yai."

Basi mchana, bwenini, Rhodalyn akawa anarusha kipande cha mkate kwenye kikaango baridi. Kiliangukia kitandani, kikaangukia dirishani, kikaishia ndani ya kiatu cha Jovert, Mfilipino mwenzao, mhudumu wa ukumbi wa chakula, aliyekuja kuazima pasi.

"Inday," alisema Jovert akikitoa, akimwita kama wasichana wanavyoitwa kwao, "ukifika kwenye mayai niambie mapema, nivae kofia ya pikipiki."

"Vaa na koti la mvua," akajibu Rhodalyn, akarusha tena.

Wiki ya Krismasi hoteli ilifurika. Asubuhi moja Cherrie Fe akaamka ana homa, na mwenye homa haruhusiwi kukaribia chakula. Mpishi mkuu, Lonnie, bonge la mtu mwenye sauti nzito, akatoka jikoni akiuliza nani anajua kugeuza mayai. Jovert akamsukuma Rhodalyn mgongoni.

"Huyu hapa, bosi. Amemaliza mikate yote bwenini."

"Umewahi kugeuza yai lenyewe?" Lonnie akamuuliza.

"Bado. Lakini mkate haunishindi tena."

Lonnie akacheka, akamwondolea kitambaa cha kufutia meza begani na kumpa koti jeupe. "Moto mdogo, na mkono uwe mwepesi. Ukilemewa, niite."

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mrefu. Alitaka mayai mawili, yageuzwe, viini vibaki laini. Rhodalyn akavuta pumzi, akarusha. Moja likarudi kikaangoni. La pili likapaa, likatua mezani, paa, mbele ya mzee. Foleni yote ikamgeukia Rhodalyn. Masikio yakamwaka moto, na Kiingereza kilichokuwa kikimkwama kila siku kikatoka chenyewe:

"Hilo nalo limekuja kuteleza, mzee."

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Basi nipe ndugu yake aliyetulia nyumbani."

Hapo mkono ukafunguka. Mayai yakaenda na kurudi, siagi ikachemka, vitunguu, jibini, uyoga, mgeni mwingine, na mwingine. Watoto walioshiba walirudi kutazama tu. "Juu zaidi," akasema mmoja wao, na Rhodalyn akarusha juu zaidi, moyo ukimdunda kwa raha. Jovert akapita na trei, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao: "Taratibu, Inday. Hilo dari limepakwa rangi juzi tu."

Kifungua kinywa kilipokwisha, Rhodalyn akafuta kikaango. Lonnie akaja kuzima jiko.

"Na kesho uwe hapahapa."

"Dada Cherrie Fe akipona, je?"

"Nitaweka majiko mawili."

Rhodalyn alikimbia kwenye theluji bila kufunga koti, akaingia bwenini akihema.

"Umeangusha mangapi?" Cherrie Fe akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Moja. Labda matatu."

"Afadhali yako. Mimi la kwanza lilimwangukia mgeni mapajani."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ungeniomba nikufundishe?"

Wakasimama bega kwa bega msimu wote uliobaki, wakitaniana kwa Kihiligaynon, lugha ya kwao, huku wageni wakichagua foleni. Viza ilipokwisha, Rhodalyn alirudi Roxas na kufungua mgahawa mdogo karibu na soko. Jiko ameliweka mbele, barabarani kabisa, na wanafunzi huchelewa shule wakitazama mayai yakiruka.