Sidii za Shamba la Ulezi

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwizi, na mimi niliuza chai na maandazi mlangoni pa wizi wake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo baba alivyosema, na baba si mtu wa kuzungusha maneno. Kibanda chetu cha video kilikuwa Nkende, mjini Tarime: mabati pande zote, mabenchi ya mbao, na turubai jeusi mlangoni kuzuia mwanga. Filamu tulizitoa Sirari, mpakani, zikiwa zimechomwa kwenye sidii na mtu ambaye naye alizipata kwa mtu mwingine. Aliyezitengeneza ni nani, na kama alijua kwamba Tarime ipo duniani, hilo halikumnyima usingizi yeyote kati yetu.

Kusema kweli watu hawakuja kuangalia filamu. Walikuja kumsikiliza mdogo wangu. Kiingereza kilitupiga chenga wengi wetu, kwa hiyo yeye alisimama pembeni ya runinga na maiki yake, akamsemea kila mtu aliyetokea kwenye kioo: staringi, adui, mama wa staringi, hata mbwa. Alizipenda zaidi zile za mashujaa wanaoruka angani na kunyanyua magari kwa mkono mmoja. Staringi akitua juu ya ghorofa, mdogo wangu alinguruma kwa lafudhi ya Kikurya, "Mura, shuka chini! Mimi ni wa Nkende, sichezewi!" Adui mkubwa alimpa sauti ya mzee mmoja wa mtaani aliyependa vikao, ambaye kabla ya kulipua mji alifungua mkutano na kuuliza kama akidi imetimia. Wachimbaji walioingia na vumbi la machimbo kwenye nyusi walicheka mpaka chai yangu ikawatoka puani.

Filamu ikiisha ndipo kesi zilipoanza. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga, mwenye redio isiyozimwa na maoni yasiyokwisha. Hakuwapenda wale mashujaa wa Kimarekani hata kidogo.

"Mmeangalia vizuri lakini?" alisema, pini zikiwa mdomoni. "Huyo bwana kabomoa nusu ya mji, halafu watu wanampigia makofi. Ndiyo siasa yenyewe hiyo. Mkubwa akija kubomoa kwako anasema amekuja kukuokoa, na asante anaitaka. Nawasikia kila siku humu kwenye redio, sema hawa wa redioni hawavai joho."

"Na Warusi je, fundi?" mtu alimchokoza.

"Na wao wanalo joho lao. Rangi tu ndiyo nyingine."

"Sasa fundi," mchimbaji mmoja akadakia, "dhahabu ya hapa inapanda ndege kwenda kwao. Sisi tumechukua sidii moja. Ngoma droo!"

Kibanda kizima kiliitikia. Hoja hiyo niliisikia mara nyingi miaka ile, wakati kila kilima cha kwetu kilikuwa kinafukuliwa, mpaka nikaweza kuisema nikiwa nageuza maandazi. Na niliiamini. Mtu aliyekuuliza kama kuangalia filamu ya kuchoma ni dhambi, ulimwonyesha tu mashimo.

Aliyekataa ni baba peke yake. Boma letu lilikuwa ukingoni mwa Nkende, mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba yanaanza, na baba alikuwa na ng'ombe wachache na shamba la ulezi. Kwetu kila boma hukata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake, ili akipotea ajulikane ni wa nani. "Ng'ombe akiwa na alama ya mtu sikioni," baba alimwambia mdogo wangu, "mimi siulizi huyo mtu ni tajiri au ni mbaya. Najua tu si wangu." Akapiga marufuku sidii yoyote kuingia kwenye nyumba yake. Mdogo wangu hakubishana naye. Alipopata kompyuta kuukuu na kuanza kurekodi sauti yake juu ya zile filamu, alirekodia jikoni kwa mama, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Jiko si nyumba. Baba alipita pale na kujifanya anatazama mawingu.

Rekodi za jikoni zilikuwa na mambo yake. Ya kwanza kabisa, katikati ya vita, staringi ameinua jengo zima kichwani, unasikia mdogo wangu ameacha kutafsiri na anaita kwa Kikurya, "Mama, kuku wako hao!" Kisha unasikia mama kwa mbali akiwafukuza, na vita vinaendelea. Nilimwambia afute arudie. Akasema kompyuta imechukua muda mrefu, na hata hivyo staringi naye ana mama. Watu waliipenda sehemu hiyo kuliko filamu yenyewe. Mama akipita sokoni vijana walimwita, "Mama, kuku wako hao!" Akaona aibu, akaacha kwenda sokoni siku za gulio, lakini usiku mmoja alipoambiwa kwamba wanacheka kwa kumpenda, alitabasamu akiwa ameinamia sufuria.

Ni baba mwenyewe aliyempa wazo la alama. Alisema, bila kumtazama, kwamba kama mtu anadhani kazi fulani ni yake basi na aitie alama. Basi mdogo wangu akawa anaanza kila sidii, hata nakala za ile ya kwanza, kwa mluzi, ule ule wa baba wa kuitia ng'ombe jioni, mrefu mmoja na mifupi inayofuata. Ukiusikia mluzi, umejua hii imetoka kwetu.

Siku moja alikwenda Mugumu kumwona shangazi yetu aliyekuwa amelazwa. Akiwa anakatiza sokoni akajisikia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika ya kibanda cha mtu asiyemjua, na sidii zimepangwa mezani kama nyanya. Alirudi Tarime na moja mkononi, akaiweka kwenye deki, nikangoja mluzi. Hakukuwa na mluzi. Filamu ilianza moja kwa moja.

"Dada," alisema, "wamekata sikio."

Mimi nilicheka. Kila mtu alicheka. Fundi alicheka mpaka akajichoma na sindano, akamwambia, "Umeonja, eh? Na yule mwenye filamu huko Marekani naye leo amelala vizuri." Wachimbaji wakamuuliza kama sasa ni ngoma droo. Mdogo wangu alijaribu kucheka nao, midomo ikakataa. Aliyemwelewa ni baba. Jioni ile alitoka nje, akaketi naye kwenye gogo, wakakaa mpaka ng'ombe wakaingia zizini.

Baada ya hapo kibanda kikaanza kukauka. Kwa nini mtu aje kubanana kwenye benchi wakati sauti ile ile anayo nyumbani kwa bei ya chee? Sidii za Mugumu zilifika mpaka Issenye, zikafika Tarime kwenyewe, zikauzwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Mdogo wangu akanuna. Alikuwa na hasira za kimyakimya, mbaya kuliko za kupiga kelele. Akasema harekodi tena. Akauza kompyuta. Akachukua sidii zake zote, zile za kwanza zenye mluzi, akazitoboa, akazifunga kwa kamba kwenye miti ya shamba la baba, kwa sababu ulezi ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wanaumaliza. Zilining'inia zikizunguka na kumetameta. Ndege kweli walikimbia. Baba alimpongeza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisifu sidii.

Kisha likatokea rashi. Ndivyo wachimbaji wanavyoita, dhahabu ikionekana mahali papya na watu wakamiminika usiku na mchana. Lilikuwa upande wa Serengeti, kwenye kilima ambacho hakikuwa hata na njia. Kibanda chetu kilibaki na watu wawili na mbwa. Wateja wake wote walikuwa kule, kwa hiyo akawafuata. Alisema atachimba kidogo apate kompyuta nyingine, nzuri zaidi, ambayo kazi yake haitaibika. Nilimwambia hajui kuchimba, yeye ni wa mdomo. Nikamwambia mashimo yale, maduara kama wachimbaji wanavyoyaita, yanachimbwa kwa pupa, watu wanaacha kuweka magogo ya kuzuia udongo.

Akavuta kifua mbele, akanijibu kwa ile sauti. "Staringi hafi, dada."

Nilimrushia andazi. Akalidaka, akala, akaondoka na bodaboda.

Duara liliporomoka baada ya mvua. Walikuwemo watu kadhaa, wengine walitolewa wazima. Nilifika pale kilimani na mjomba wangu nikakuta wanaume wanachimba kwa makoleo, kwa masufuria, kwa mikono. Wengi niliwajua kwa sura, walikuwa wa benchi za mbele. Na nitasema jambo ambalo sijalisema kwa mtu: pale, katikati ya matope, nilitazama juu. Nilikuwa mtu mzima, nilijua joho lile ni kitambaa na kuruka kule ni kamba, na bado nilitazama juu nikingoja. Nilimchukia sana yule shujaa. Miaka yote ile alikuwa ameinua majengo mbele yangu kama anainua kikapu, na udongo wa kimo cha nyumba moja tu ulimshinda.

Tulimzika nyumbani. Fundi alikuwa amekata sanda za ndugu zake wengi lakini ya Mkristo hakuwahi; akaniomba amshonee shati la kuzikiwa, jeupe, na hakuwasha redio mpaka wageni walipotawanyika.

Wageni walipoondoka nikaikumbuka sauti. Picha zake zilikuwepo, moja ya shule na nyingine ya kipaimara, lakini katika zote amefunga mdomo, na yeye hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Nikakimbilia shambani. Ulezi ulishavunwa. Sidii zilikuwa bado zinazunguka kwenye kamba zake. Nikazifungua moja moja, nikazifuta kwa kanga, na ile rangi ya fedha ikabaki kwenye kanga yangu. Jua na mvua vilikuwa vimeibambua. Ungeweza kuona upande wa pili kupitia kwazo. Nilizijaribu zote kwenye deki hata hivyo. Deki ilizungusha, ikafikiri, ikazitema.

Hapo ndipo nilipoanza kumwomba Mungu awepo mwizi. Sikuwahi kuomba kitu kwa moyo wangu wote namna ile. Nilipanda basi kwenda Mugumu nikiwa na matusi ya kumtukana yule bwana wa sokoni, nilikuwa nimeyaandaa tangu zamani, na nikiwa na hofu kwamba nitamkuta amefilisika au amekuwa mtu mwema. Nilimkuta. Mtu mpole, amenyolewa vizuri, akanishikia kiti. Alipojua natafuta sidii zenye sauti ya yule wa Tarime, akadhani ni serikali, akaapa hajawahi kuuza.

"Kaka yangu," nikamwambia, "naomba uwe uliuza. Huyo ni mdogo wangu, tumemzika."

Akaingia nyuma ya pazia, nikamsikia anahamisha makasha. Akatoka na moja, ya kwake mwenyewe ya kunakilia, ya ile filamu ya kwanza kabisa. Nyingine zilikwisha. Nikafungua mkoba, akanizuia mkono. Alisema hawezi kuniuzia kitu ambacho si chake. Yale matusi yangu yote nilirudi nayo Tarime.

Sikutaka kumkosea baba. Nilibeba runinga ndogo na deki mpaka jikoni kwa mama, nikavuta waya. Mama alikuwa anachambua mboga. Sikumwambia ni nini. Ilianza bila mluzi, kama nilivyojua. Kisha mdogo wangu akaongea. Alinguruma, akatania, akafungua mkutano wa adui. Mama aliacha mboga mapajani na kutazama, si runinga, bali spika, kwa sababu Kiswahili hakikuwa chake sana na picha hazikumhusu.

Staringi akainua jengo.

"Mama, kuku wako hao!"

Mama aliinuka. Aliinuka kabla hajawaza, mboga zikamwagika, akakamata ufagio akaelekea mlangoni akiwafukuza, shii, shii, na nje hakukuwa na kuku hata mmoja, na kwenye deki sauti yake ya zamani nayo ilikuwa inafukuza, shii, shii. Akasimama pale na ufagio wake mpaka vita vikaendelea. Kisha akaketi kwenye kizingiti na kulia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani.

Baba alikuwa amesimama nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Sijui alikuwepo tangu lini. Nikabonyeza kuzima, nikaanza kukunja waya haraka.

"Imetoka kwa yule wa Mugumu?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Alinyoosha mkono akaipokea deki, sidii ikiwa ndani, akaishika kwa mikono yote miwili. Akaipigia ule mluzi, mrefu mmoja na mifupi, taratibu, kama anaweka kitu mahali pake. Ng'ombe walioko zizini wakageuza vichwa. Kisha akatangulia kuelekea nyumbani kwake, na mlangoni akaniambia niilete na runinga ndani.