Picha ya Ajali ya Mananasi

Juzi usiku lori la mananasi kutoka Thika lilipinduka karibu na daraja la Ruiru. Dereva alikwama kichwa ndani, miguu nje ya dirisha, nasi wapita njia tukawa tunamvuta. Mara akatokea mpiga picha na kamera yake ya balbu ya kumulika. Tukamwachilia dereva, tukajipanga vifua mbele.

"Na mimi je?" dereva akalia. "Uso wangu uko huku ndani!"

"Tulia, mzee," mpiga picha akamjibu. "Usitikise miguu."

Balbu ilipowaka tu, tukamtoa, mzima. Huruma tunayo, wasomaji, ila hungoja picha kwanza.

Jana mke wa dereva aliitazama picha ile, akacheka hadi machozi. "Ngai! Hata harusini hakutoka vizuri hivi."