Mashimo Yaliyolala Wazi

Korona ilipofunga Sydney, baridi ikianza kunyemelea, kwenye uwanja wa gofu tulibaki wawili: mimi na bosi wangu, Mwaustralia mzee. Siku hiyo tulipitisha mashine inayotoboa nyasi ili mizizi ipumue. Iliacha maelfu ya mashimo ya upana wa kidole, na lori la mchanga wa kuyafukia halikuja.

Jioni nilikataa kuondoka mashimo yakiwa wazi. Kwetu kaburi likichimbwa mapema halilali tupu. Hulazwa mgomba ndani, lisije likaita mtu. Nilimweleza bosi, naye akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Mimi si mtu wa kuchekwa. Nilitoa ndizi kwenye mfuko wangu wa chakula, nikailaza badala ya mgomba kwenye shimo la bendera, lile la kuingizia mpira, nikaenda zangu. Barabara ilikuwa kimya, na nilihisi uwanja mzima unavuta pumzi nyuma yangu.

Asubuhi nilikuta nyayo za mtu mmoja kwenye umande, zimekwenda hadi kwenye bendera zikarudi. Shimoni mlikuwa na ndizi mbili. Bosi alikuwa amesimama pembeni. Bila kunitazama, alisema mkewe amechukuliwa usiku na ambulensi.