Meza ya Dirishani

Phelister Andati hakuwa ameketi karibu na dirisha tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, na binti yake Everline hakulijua hilo. Alilojua ni jicho. Kila mtu alijua jicho, maana lile la kulia lilikuwa limebaki jeupe, halioni, na miwani myeusi aliyopewa hospitalini haikuficha mengi. Hofu ya madirisha Phelister aliificha vizuri zaidi. Pale nyumbani Komarock aliweka mapazia mazito akasema yanazuia vumbi la barabarani. Godoro lake akalihamishia kwenye ujia kati ya jikoni na sebule, akasema chumbani kuna joto. Aliyeujua ukweli ni Luseno, kitinda mimba wake, kwa kuwa waliishi pamoja. Ndiye aliyembandikia vioo magazeti, na ndiye aliyekatazwa asimwambie dada yake.

"Eve ana mambo yake," Phelister alimwambia. "Usimwongezee mzigo."

Kwa hiyo jioni Everline alipokuja kutoka kwake Tassia na kutangaza kwamba mwaka huu wa tisini na tisa lazima washerehekee siku ya kuzaliwa ya mama, Phelister alicheka kwanza. Siku ipi hiyo? Alizaliwa msimu ambao mvua ilisomba zizi la babu yake, na tarehe hakuna aliyeiandika.

"Nimekuchagulia mimi," Everline akasema. "Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Unatimiza sitini, na nimeshaongea na hoteli. Ni kule mjini, juu, mahali wakubwa hula."

Mjini. Juu. Phelister aliinuka akavuta pazia lililokuwa limekwisha fungwa.

"Si tupike tu hapa, mwanangu? Nitawaambia majirani waje."

"Umepika maisha yako yote, Mama. Umewachemshia watu wa ile ofisi chai hadi ukazeeka, na hata siku moja hawakukuvutia kiti. Wacha wewe pia upakuliwe."

Phelister akamtazama. Huyu ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko wodini, wiki baada ya wiki, macho yote mawili yakiwa yamefungwa bandeji. Angemkatalia kwa maneno gani? Akasema asante, akaenda jikoni kumchemshia chai.

Siku ilipofika alivaa gauni la rangi ya maziwa alilovaa kwenye harusi ya Everline. Luseno alikuwa na koti la kuazima lililombana mabegani. Mlangoni mwa jengo askari alimpitishia Phelister kimashine cha kukagulia, nacho kikalia. Zilikuwa funguo za nyumba tu, ndani ya mkoba. Askari akamwomba radhi, lakini Phelister alikuwa amekwisha kurudi hatua mbili nyuma.

"Lifti ni hii," Everline akasema.

"Tupande ngazi. Lifti hunitia kizunguzungu."

Walipanda hadi ghorofa ya nne. Ukumbi ulikuwa na zulia zito lililomeza sauti za viatu, na weita waliovaa glavu nyeupe. Phelister hakuviona hivyo mwanzoni. Alichoona ni ukuta wa mbele, ambao haukuwa ukuta. Ulikuwa kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini, na nyuma yake mji wote.

Weita aliyewapokea alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, jina lake Ndung'u limeandikwa kifuani. "Karibu, Mama. Meza yenu ni ile ya dirishani. Dada aliomba iliyo bora."

"Eve," Luseno akasema polepole, "hakuna ingine?"

"Ingine ya nini? Hii watu huing'ang'ania."

Luseno akamtazama mama yake. Phelister akatikisa kichwa kidogo, kumaanisha nyamaza, kisha akaenda mwenyewe hadi mezani.

Hakujua aketi vipi. Akikipa kioo mgongo, hataona kinachokuja. Akikitazama, lile jicho moja alilobakiwa nalo litakuwa wazi mbele yake. Mwishowe alikaa upande, kioo kikawa kuliani kwake, upande wa giza. Hakukiona tena. Lakini alikihisi kwenye shavu, kama mtu aliyesimama karibu mno.

Ukaja mkate, ikaja supu ya uyoga. Mkono wenye glavu ulitokea ghafla juu ya bega lake la kulia, kijiko kikamponyoka Phelister kikagonga sahani. Watu wa meza ya pili waligeuka.

"Usijali, Mama," Everline akamnong'onezea, akimgusa mkono. "Hata mimi hivi visu vyote vilinichanganya mara ya kwanza. Anza na vile vya nje."

Phelister akakubali kwa kichwa. Afadhali aonekane mshamba. Macho yake, yaani lile moja, yalikuwa yakipima umbali wa nguzo ya katikati. Nguzo ni nene, inaweza kumkinga mtu mmoja, labda wawili wakibanana. Mlango uko mbali. Chini ya meza kuna nafasi. Everline alikuwa ameinuka kidogo, glasi ya maji ya matunda mkononi, akisema jambo. Uso wake ulikuwa umelainika, kama wa mtu anayesema alichokiandaa kwa siku nyingi. Phelister aliona midomo ikicheza, wala hakusikia hata neno.

Ndipo nyuma yao chupa ya shampeni ikafunguliwa.

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Phelister alimshika Everline kwenye ukosi wa gauni akaanguka naye sakafuni, na kitambaa cha meza na sahani zikawafuata. Akamlalia. Akamfunika uso kwa viganja vyote viwili, akibana.

"Usitazame dirishani," alisema. "Funga macho. Usitazame."

Kisha akangoja. Siku ile ya bomu la ubalozini mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, na ndio uliowavuta watu madirishani kuona kuna nini. Mkubwa ulikuja baadaye. Aliungoja huo mkubwa, kifua cha binti yake kikipanda na kushuka chini yake, supu ikimlowesha goti. Haukuja. Mtu mmoja alicheka, akakatiza kicheko. Phelister alipoinua kichwa aliona, kando ya meza ya jirani, mtu mwingine aliyejikunyata sakafuni, trei ameishika juu ya kichwa, macho ameyafumba. Alikuwa Ndung'u.

"Mama, ni chupa," Everline akasema kati ya vidole vyake. "Ni kizibo tu."

"Naam. Sasa naona." Lakini mikono haikumtii, ikawa Everline ndiye aliyeiondoa, kidole kimoja kimoja.

"Tangu lini uko hivi?"

Phelister alianza kuokota sahani. Luseno alikuwa amepiga magoti kando yao. "Tangu siku ile," akasema. "Mathe alikataa nikuambie."

Msimamizi alikuja haraka kuuliza kuna tatizo gani. Ndung'u, aliyekuwa ameshasimama, alimjibu kwamba hakuna, wageni wanahama tu. Akawapeleka kwenye meza ndogo karibu na jikoni, mahali pasipopendwa na mtu, kuta pande mbili. Kisha akawaletea glasi za maji.

"Wewe ulikuwa wapi siku ile?" Phelister akamuuliza.

"Foleni ya benki, ng'ambo ya barabara. Na wewe, Mama?"

"Ghorofa ya tatu, jengo lililopakana na ubalozi. Nilikuwa na chai mkononi. Wenzangu walitangulia dirishani, mimi nikatua trei kwanza." Akaisogeza glasi katikati ya meza. "Waliotangulia hawakurudi."

Everline hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka mapajani, wala hakuyafuta.

"Na unawezaje kufanya kazi hapa, na kioo chote hiki?" Phelister akauliza tena.

"Mimi huchukua meza za huku ukutani. Leo mwenzangu ameugua." Ndung'u akaangalia kama msimamizi yupo, kisha akainama. "Kuna ukumbi wa kanisa, hapo chini. Alhamisi mchana hukutana watu wa siku ile. Mlango ni mpana, na madirisha yako juu sana. Njoo uone."

Nyama ilipoletwa Everline alimkatia mama yake vipande vidogo. Phelister alikula kidogo, na utamu wenyewe hakuupata. Walishuka kwa ngazi. Barabarani maduka yalikuwa na vioo upande wa kulia, na Everline, bila kuambiwa, akazunguka akatembea upande huo.

Alhamisi iliyofuata Phelister hakwenda, wala ile iliyofuatia. Alianza kwenda mwezi wa kumi na mbili, Everline akiwa ameomba ruhusa kazini ili amsindikize. Siku ya kwanza aliketi kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, na mkutano ulipokwisha hakuna aliyekuwa ameisikia sauti yake. Ila alikaa hadi mwisho.