Mama Sura na uso namba ishirini na tatu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla wanafunzi hawajaanza kumiminika chuoni, mwanamke mmoja anasimama mbele ya mlango wa mbao, ghorofa ya chini ya makumbusho ya chuo kikuu. Ufunguo anao mkononi, lakini hafungui. Anabisha kwanza.

"Hodi," anasema. Anasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenyeji nafasi ya kujiweka sawa, ndipo anafungua.

Ndani hakuna mtu. Kuna nyuso thelathini na sita za plasta, zimepangwa ukutani safu tatu, zote zimefumba macho.

Wenzake kazini wanamwita Mama Sura. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na ishirini na moja kati ya hiyo ameimalizia humu, akifuta vumbi. Kitambaa cha maji ni marufuku. Plasta hunywa maji ikalegea, na uso namba tisa hauna ncha ya pua kwa sababu mfanya usafi aliyemtangulia alitaka kazi iishe haraka. Yeye hutumia brashi laini ya kupakia poda. Anaanzia kwenye paji la uso, anashuka mashavuni, na mdomo anauacha mwisho.

"Mdomoni sipendi kukawia," anasema. "Na kila ninayemgusa namwambia samahani. Cheka tu, hata wenzangu wananicheka. Lakini nikiugua, hakuna hata mmoja anayekubali kunishikia zamu."

Asubuhi za mvua, nyuso hizo hutoa unyevu. Matone madogo hukusanyika chini ya pua na kwenye kona za macho. Mkuu wa makumbusho, mwanamume mpole mwenye miwani inayomteleza kila dakika, atakueleza habari za hewa na ubaridi wa ukuta, na maelezo yake yana mantiki kabisa. Mimi nilikwenda siku ya mvua. Mantiki niliiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Mji huu una makumbusho kadhaa ya chuo: ya vipepeo, ya mawe, ya ala za muziki, na yote yana wageni wake. Chumba cha nyuso hupata wageni wanane au tisa kwa siku, na wengi hawamalizi safu ya pili. Zamani wengine walikuwa wakipiga kelele kabisa. Walitazama uso namba ishirini na tatu, wakageuka, wakaukuta uso uleule nyuma yao umeshika brashi.

"Hata mimi siku ya kwanza nilidondosha ndoo," anasema Mama Sura. "Nilijiona mwenyewe ukutani, nimelala. Nyumbani sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Kazi nilikuwa naihitaji."

Bado anaihitaji. Mshahara wake hufika nyumbani ukiwa umechoka na huisha tarehe kumi na tano, na ndani ya nyumba yupo binti anayesoma na mama mzazi ambaye macho yalizimika miaka tisa iliyopita.

Chini ya uso ule pana kibandiko: "Na. 23. Mwanamke, takriban miaka 20." Basi.

Miaka mingi ilipita hivyo. Kisha siku moja, akiwa anafuta safu ya chini, alimsikia mwongozaji akiwaeleza wageni jinsi kazi ile ilivyofanyika. Miaka sabini na mbili iliyopita watafiti walizunguka vijijini na magunia ya jasi, ule unga wa plasta. Mtu alilazwa chali, akawekewa mirija miwili puani, akamwagiwa uji wa plasta uso mzima, akaambiwa afumbe macho na asijitikise mpaka ugande. Wakichukua nakala ya uso, waliandika jinsia na umri. Jina hawakuuliza.

Mama Sura aliketi sakafuni.

"Bibi yangu hakuwahi kujifunika shuka kichwani, hata baridi iwe kali vipi," anasema. "Ukimfunika mtoto uso, atakugombeza mpaka ujute. Na alikuwa na neno lake. Tukimtania kuhusu kufa, anajibu, 'Mimi nilishazikwa mara moja nikatoka, hiyo ya pili hainitishi.' Tulicheka sana. Mungu anisamehe, tulicheka."

Alikwenda kwa mkuu wa makumbusho, akaomba jambo moja tu: jina la bibi yake liandikwe chini ya uso ule. Mkuu alifungua daftari la zamani. Kijiji kililingana, mwaka ulilingana. Lakini kijiji hicho kilitoa nyuso sita.

"Nilimwambia ukweli, kufanana si ushahidi," mkuu anasema. "Watu wanafanana. Kamati ya makumbusho ingenirudisha na karatasi yangu."

Mama Sura angeweza kungoja, kama dari lisingeanza kuvuja. Mwisho wa mwezi huu chumba kinahamwa, na nyuso zote zitafungwa kwenye masanduku na kupelekwa ghalani. Kinachoingia ghalani na namba hukaa na namba hiyo, na tangu mkuu ashike ofisi hajaona sanduku hata moja likirudi.

Ndiyo sababu, Jumanne iliyopita, Mama Sura alimleta mama yake kwa teksi.

Nilikuwepo. Kabla hajaingia, mzee huyo mwenye miaka sabini na moja alisimama mlangoni akasema, "Mama alikuwa na kinundu chini ya kidevu, upande wa kushoto, ukubwa wa punje ya mahindi. Nilikuwa silali mpaka nikishike."

Mama Sura alimkodolea macho. Amepitisha brashi usoni pale miaka ishirini na moja, lakini nyuso zimeegemea ubao kwa chini, na chini ya kidevu brashi haifiki.

Mkuu alimwomba Mama Sura abaki nje, akamshika mkono mzee yeye mwenyewe na kumpa glavu.

"Mwanangu," mzee alimwambia, "ukinivika soksi mikononi nitaonaje?"

Mkuu alizirudisha glavu mfukoni.

Mzee akaanza mwanzo wa safu ya kwanza. Vidole vilipita juu ya nyuso polepole. "Samahani baba, napita." "Huyu simjui." "Huyu mdogo, masikini." Namba tisa alimpa pole ya pua. Hakuna aliyemwambia amefika namba ngapi.

Alipofika wa ishirini na tatu, mikono ilisimama. Ilirudi kwenye paji, ikashuka kwenye nyusi, ikayashika mashavu yote mawili. Kidole kimoja kikapenya nyuma ya ubao, chini ya kidevu, kikatulia hapo.

"Mbona ana joto?" aliuliza.

Mkuu alipeleka kidole chake pale pale, kitupu, bila glavu. Kinundu kilikuwepo. Habari ya joto nilimuuliza baadaye, akasema hakuzingatia. Mimi mwenyewe sikujaribu, na sioni aibu kusema hivyo.

Mzee alikuwa amesogeza mdomo karibu na sikio la plasta.

"Mama," alisema, "wameshamaliza. Waliondoka zamani. Pumua."

Huko mlangoni Mama Sura alikuwa analia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.

Mkuu ameandika barua yake, safari hii akiweka sahihi kama shahidi. Kamati inakaa Alhamisi. Mama Sura ana hakika, na kibandiko kipya ameshakichagulia mahali. Uso wenyewe haombi kwenda nao nyumbani. "Binti yangu sasa ana miaka ishirini," anasema. "Uso huo tayari tunao mezani kila jioni, unagombea rimoti."

Jina la bibi alinitajia. Kisha akaniomba nisiliandike hapa, kwa kuwa anataka lisomwe kwanza mle chumbani, kwa sauti, mbele ya wale wengine.

Wengine hao ni thelathini na watano, na hawana mjukuu mwenye ufunguo. Kwa hiyo, mpaka masanduku yaje, utaratibu wake wa asubuhi umeongezeka kidogo. Anabisha hodi, anaomba samahani, anafuta. Halafu anainama sikioni kwa kila mmoja, safu zote tatu, na kumwambia kwamba wameshamaliza.