Santuri za Mjomba Juani

Juzi niliona dirishani mwa duka santuri ya blues, jaladani pake wazee wenye magitaa wakipiga mbele ya watu, nikamkumbuka mjomba Seif wa mtaa wa Al Baraha.

Mjomba alikuwa akiimba blues hotelini, mpaka alipopasuliwa koo, akabaki na tundu shingoni na sauti ikapotea. Tangu hapo alishinda sebuleni akisikiliza santuri za wakongwe, midomo yake ikifuatisha maneno. Zilimkera mkewe, Bi Zuhura.

Alasiri moja ya joto, nikiwa mtoto mdogo kwao na mjomba amelala, Bi Zuhura alizitoa zote kwenye majalada akazitandaza juani, roshanini. Harufu ya plastiki ya moto ilijaa nyumba nzima. Nilidhani anazianika kama magodoro, zipate hewa.

Mjomba alipoamka, zilikuwa zimekunjika kingo kama chapati. Aliokota moja akajaribu kuinyoosha, ikazidi kupinda.

“Khalas, zimekwisha,” Bi Zuhura alimwambia. “Sasa mwimbie mtoto mwenyewe. Si wewe ulikuwa fundi?”

Nilikaa chini nikingoja wimbo. Mjomba akafumbua kinywa. Ilitoka pumzi tu, ikipiga mluzi kwenye tundu la shingo, na mabega yakamtikisika.

Nilidhani anacheka, nami nikacheka kwa nguvu. Bi Zuhura akacheka pamoja nami, akanimiminia sharubati.