Majani Niliyoyatupa Uwanjani

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia hata nikiwa nakunywa chai yangu kwa raha zangu, na ikinirudia chai haishuki tena. Leo imenirudia kwa sababu yako. Umeniletea karatasi zako za somo jipya la kutunza nyasi za viwanja, hilo utakalolifundisha pale sekondari, ukaniomba nitazame kama umepatia. Nimezisoma zote kwa miwani hii yangu iliyofungwa uzi. Umeandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi. Lakini kabla sijakurudishia, keti kidogo nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu wa rika lako.

Hukujua kwamba somo hilo liliwahi kupangwa hapa hapa Garsen, katika shule hiyo hiyo? Lilipangwa na mimi. Usinitazame hivyo.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuoni, mwalimu wa Kilimo, kijana wa Kulesa mwenye shati lililopigwa pasi na maneno mengi mdomoni. Mkuu wa shule aliniita ofisini akanieleza kwamba mahoteli ya Malindi na Watamu yanatafuta watu wanaojua kutunza nyasi, na vijana wetu wakimaliza kidato cha nne wanabaki kukaa stejini kwenye matatu tu. Akataka niandike somo la majaribio la mwaka mmoja, nusu darasani na nusu uwanjani. Uwanja wetu wa mpira ndio ungekuwa mahali pa kujifunzia. Wakaguzi wangekuja muhula wa tatu. Wakiridhika, somo lingekubaliwa. Wasiporidhika, basi, tungerudi kwenye mahindi yetu.

Niliandika kwa siku nne nikiwa nimejifungia chumbani. Kuutembelea uwanja wenyewe nikainama nione una nini, wapi! Nilikuwa na madaftari yangu ya chuo na kitabu kimoja kilichoandikwa nchi ya baridi, na humo ndimo nilimotoa kila kitu: mbegu, vipimo vya maji, hata miezi ya kupanda. Kipindi cha kwanza nilikipa jina "Kutambua na Kuangamiza Nyasi Zisizotakiwa". Nililipenda sana jina hilo, nikalipigia mstari mara mbili.

Hapo ndipo unapomwona mtoto wa mkulima. Sisi Wapokomo tumelelewa tukijua nyasi ni kitu cha kung'oa. Mama yangu alinipa jembe dogo kabla sijajua kusoma, akanionyesha mpunga ni upi, akaniambia kingine chote kitoke. Kwa hiyo kichwani mwangu nyasi zilikuwa za namna mbili tu, zile za kitabuni na takataka. Na majirani zetu Waorma, ambao ng'ombe wao ndio maisha yao, wana jina la kila jani. Wanajua lipi linaongeza maziwa na lipi linawahi kuota mafuriko yakishuka. Nilisoma nao darasa moja tangu utotoni, na sikuwahi kuwauliza hata siku moja.

Katika darasa langu alikuwapo msichana wa Kiorma wa kidato cha tatu, jina lake Dahabo. Mtaratibu, mwandiko wake mzuri, anakaa karibu na dirisha. Baba yake, Mzee Godana, alikuwa akiteremsha ng'ombe mtoni kwa ile malka iliyopita kando ya uwanja wetu, malka ndiyo njia ya mifugo ya kwendea maji. Kumsomesha binti ilikuwa vita kwake, kwa maana ndugu zake walimwambia anapoteza wakati, naye akawajibu kwamba mtoto wake atasoma mpaka mwisho. Hayo niliyajua. Shuleni kila mtu aliyajua.

Siku nilipowapeleka wanafunzi uwanjani kwa kipindi kile cha kwanza, niliwaonyesha ukoka uliotambaa chini kote, nikawaambia huu ndio adui. Dahabo akainua mkono. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hii nyasi kwao ni nzuri kuliko zote, ng'ombe wakiikanyaga haifi, jua likiichoma inarudi, na kwamba angeweza kunionyesha inavyojishona yenyewe ardhini. Mwanangu, mwalimu mwenye akili angesema, haya, njoo mbele utuonyeshe. Mimi nilisema, "Dahabo, hapa hatusomei kuchunga ng'ombe." Darasa likacheka. Nami nikafurahi kwamba nimechekesha.

Juma lililofuata tuliung'oa ukoka wote kwa majembe, tukauchoma. Nikazungusha ua wa miiba ili mifugo isikanyage mbegu zangu, na ua ule ukala hatua kadhaa za malka. Sikumwuliza mtu. Nilijiambia uwanja ni wa shule na shule ni ya serikali, nani wa kuniuliza?

Sasa ndiyo ile asubuhi yenyewe. Tulikuwa tunasawazisha udongo, wanafunzi wamejipanga na mareki, nikamwona Mzee Godana anakuja peke yake. Ng'ombe alikuwa amewaacha mbali. Alikuja polepole, fimbo ameiweka begani, akasimama penye ua, akainama akachuma majani ya ukoka yaliyosalia nje, mabichi, mkono mzima. Akaingia. Aliniamkia kwa adabu, mimi kijana mdogo kwake, kisha akayaweka yale majani kiganjani mwangu na kuufunika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alisema, "Mwalimu, mimi nakuja na amani. Hii njia, tuongee."

Na mimi nikafanya nini? Wanafunzi walikuwa wananitazama, nami niliona naletewa tena ile ile takataka niliyotoka kuichoma. Niliyatupa chini majani, nikajipangusa mkono kwenye suruali, nikamwambia, "Mzee, takataka tunachomea kule." Nikaonyesha kwa kidole. Wengine walicheka. Waorma waliokuwa darasani hawakucheka hata mmoja, na hilo nililiona, ila sikutaka kujiuliza kwa nini.

 Mzee aliyatazama majani pale chini, akamtazama binti yake aliyesimama na reki mkononi, akainama akayaokota. Yote, mpaka jani la mwisho. Akaenda zake. Natamani angenitukana, mwanangu. Ningekuwa na kitu cha kumkasirikia hadi leo.

Kesho yake Dahabo hakuja. Wala keshokutwa. Jumamosi nikaenda Kulesa kumsalimu mama, nikamkuta anatwanga mpunga uani. Nikamsimulia kisa hicho kama mchezo, mzee wa watu kaniletea majani ya ng'ombe asiyekuwapo. Nilikuwa bado nacheka aliposimamisha mchi. Aliniuliza mara mbili kama kweli niliyatupa chini. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mtoto wake alikuwapo anaona.

"Komora," aliniambia, "mtu wa ng'ombe akikupa majani mabichi amekupa amani yake yote. Baba yako aliyapokea kwa mikono miwili mwaka ule wa ukame tulipogombania mto na wafugaji, ndiyo maana ukakua bila kukimbia usiku na godoro kichwani. Nilidhani nimezaa mwalimu."

Akarudi kwenye mchi wake. Hakunikaribisha chakula, na mama yangu hakuwahi kuacha kumkaribisha hata mpita njia. Niliondoka na njaa, uso unaniwaka.

Ungedhani nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Godana. La. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, kwanza mbegu ziote. Aibu ilikuwapo, lakini kiburi kilikuwa kimekaa juu yake. Nilitaka niende nikiwa na uwanja wa kijani nyuma yangu, ili hata nikiomba radhi nionekane nilikuwa na haki. Mbegu ziliota kweli. Kwa majuma machache uwanja ulikuwa kijani cha kupendeza, watu wa sokoni wakaja kupiga picha. Kisha jua la kwetu likaja kazini. Unaujua udongo wetu mweusi ukikauka, unapasuka mpaka unaweza kuingiza mguu. Nyasi zangu za nchi ya baridi zikageuka manjano, zikageuka kahawia, zikapeperuka. Tulivuta maji ya mto kwa mashine asubuhi na jioni, kazi bure.

Wakaguzi walifika wakakuta vumbi. Mmoja wao, mama mmoja mpole, alitembea hadi penye ua akaangalia nje, pale kando ya malka, ambapo ukoka ulikuwa umetanda, mfupi, umeshikana, na ng'ombe wanapita juu yake kila siku. Akaniuliza ile ni nyasi gani, inatunzwaje, inapandwaje.  Mwanafunzi pekee ambaye angethubutu kumjibu, kiti chake kilikuwa tupu tangu muhula wa pili. Somo halikukubaliwa, na mkuu wa shule hakunisema. Aliufunga mlango wa ofisi taratibu tu.

Ndipo nilipokwenda. Familia ya Mzee Godana ilikuwa imehamia ndani zaidi kufuata malisho. Nilipanda pikipiki mpaka njia ikaisha, nikatembea. Mkononi nilikuwa na majani ya ukoka niliyoyachuma kando ya uwanja, na kwa joto lile yalikuwa yamenyauka kabla sijafika nusu ya safari. Nilifika mbele ya mzee na kitu kama kamba kuukuu. Nilipiga magoti nikayanyoosha kwa mikono miwili. Nilisahau maneno yote niliyoyapanga, nikasema nimekosa.

Aliyapokea. Aliyashika muda mrefu, akayachomeka kwenye paa la nyumba yake ya miti na mikeka, akamwita Dahabo alete maziwa. Nilikunywa nikilia, sikufichi. Nilipomwomba amrudishe binti shuleni, alisema hilo nimwulize mwenyewe.

Dahabo alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa. Aliniambia polepole, kwa Kiswahili kile kile kizuri cha darasani, "Mwalimu, baba ulimtupia majani, umemrudishia majani. Mimi ulinicheka mbele ya wenzangu. Mimi umeniletea nini?"

Mwanangu, neno lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimetoka kulitamka kwa baba yake. Nimekosa. Lakini yeye alikuwa mwanafunzi na mimi mwalimu, na siku zile nilidhani mwalimu hamwombi radhi mtoto wa darasa lake. Nikainama nikakitazama kikombe nilichonywea maziwa. Alingoja. Nakwambia alingoja, kwa muda wa kutosha kabisa. Kisha akasema ndama wanamsubiri, akatoka.

Hakurudi kwangu. Baba yake alimpeleka shule ya Hola, akachelewa mwaka mzima kwa sababu yangu, akamaliza. Mzee Godana ameshazikwa. Dahabo unamfahamu, ni yule mama mwenye shamba la nyasi pale njia ya Minjila, anayeuza majani makavu wakati wa kiangazi. Na ule uwanja wa kijani wa shule ya msingi unaousifia, unadhani nani aliupanda? Tukikutana sokoni ananiamkia, shikamoo mwalimu, kwa heshima kamili, nami naitikia marahaba na kugeukia nyanya kama mtu anayezichagua. Miaka yote hiyo.

Sasa karatasi zako. Kipindi chako cha kwanza umekiita "Aina za Nyasi Bora", na majina yote umeyatoa kwenye simu. Kifute. Usinikasirikie, kifute. Kabla hujaandika neno jingine, nenda kando ya malka na wanafunzi wako, uwaulize watoto wa wafugaji wanaiitaje kila nyasi, nawe uandike wanavyokuambia wao. Mtoto akiinua mkono akakwambia jambo usilolijua, mpishe mbele. Usimfanye mtu kichekesho ili wewe uonekane unajua. Mtu akikupa kitu usichokielewa, kishike kwanza, uulize baadaye. Na ukimkosea mdogo wako, mwombe radhi yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, usimpitie baba yake. Mimi niliyaacha hayo yote, na umeona nilichovuna.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupokea na mdomo mzito wa kucheka watu. Akupe wanafunzi wa mto na wa nyika wakae benchi moja bila kuogopana, na uwanja wako usikauke.

Nipe hiyo fimbo yangu hapo mlangoni. Utahitaji mtu wa kukufundisha ukoka, nami nitakufikisha kwake. Wewe utamwomba akusaidie kupanga somo lako. Ukimaliza, utanipisha kidogo mbele, kwa maana nina neno moja la kumwambia Dahabo, na amelingoja tangu akiwa kidato cha tatu.